Shajara ya nyumba ya dada: Mto Cedar nje, radoni chini

Jumamosi, 15 Machi

Theluji imeisha, na leo tumekanyaga kiwanja kwa mara ya kwanza tukiona udongo wenyewe. Kiko Cedar Rapids, Iowa, mitaa michache kutoka Mto Cedar. Dada na shemeji wamekinunua kwa akiba ya miaka tisa, dada akiwa kwenye kiwanda cha kusindika nyama, shemeji akiendesha lori. Walitoka Uvira, wakakaa kambini Nyarugusu kule Kigoma, kisha wakaletwa huku. Tangu waondoke kwao hawajalala kwenye nyumba yao wenyewe. Mimi ndiye fundi wa familia, na mkandarasi mwenye leseni ninayefanya naye kazi ndiye aliyechukua kibali. Naandika shajara hii kwa sababu kuna ndugu wengine watatu wanaotafuta viwanja maeneo haya haya, na kila mmoja ananiuliza maswali yale yale.

Neno la kwanza la dada lilikuwa besimenti, chumba cha chini ya ardhi. Majirani wote wanayo: mashine ya kufulia iko huko, watoto wanacheza huko, na kimbunga kikija watu wanashuka huko. Nikamwambia, "Dada, hapa besimenti haitawezekana." Ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la maafa la serikali ya Marekani, inakiweka kiwanja hiki kwenye eneo AE, yaani mahali ambapo kila mwaka kuna nafasi 1 katika 100 maji kufika kimo kilichoandikwa kwenye ramani. Watu wanaisikia 1 katika 100 wanapumua. Lakini mkopo wa nyumba ni wa miaka 30, na kwa miaka 30 nafasi hiyo inafika karibu asilimia 26. Kwa nyumba ya kuishi, kanuni za ujenzi zinataka sakafu ya chini kabisa iwe futi 1 juu ya kimo hicho. Besimenti ni sakafu iliyo chini ya ardhi pande zote, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukataliwa.

Shemeji hakubisha. Aprili 2020 Mto Mulongwe ulipofurika Uvira yeye alikuwa tayari huku, akitafuta nyumba za ndugu zake kwenye picha za simu na kuona mawe na matope tu. Akasema, "Shemeji, jenga juu. Ngazi tutapanda." Kwa ajili ya kimbunga tumekubaliana chumba kidogo cha kuta za zege lenye nondo katikati ya nyumba, ghorofa hiyo hiyo ya kuishi.

Jumamosi, 22 Machi

Mpima ardhi ameleta vipimo. Kimo cha mafuriko kiko futi 2 na inchi 4 juu ya udongo wa kiwanja. Ukiongeza ile futi 1, uso wa sakafu uwe angalau futi 3 na inchi 4 kutoka chini. Nyumba itasimama juu ya kuta za bloku, na kati ya udongo na sakafu kutabaki nafasi ya mtu kutambaa. Sisi tunaiita uvungu, kama uvungu wa kitanda.

Leo hatukushika jembe. Kazi ilikuwa kumweleza dada jambo la pili, ambalo halionekani kwa macho: radoni.

Urani imo kwenye udongo na mawe, kidogo kidogo, karibu kila mahali duniani. Inapovunjika yenyewe polepole inazaa radiamu, na radiamu inazaa radoni, ambayo ni gesi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Nusu yake huisha kila baada ya siku 3.8, lakini ikiisha huacha chembe nyingine zenye mnururisho, na ukizivuta zinabaki mapafuni zikiunguza polepole. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linakadiria watu 21,000 hufa kila mwaka nchini humu kwa saratani ya mapafu inayotokana nayo. Ni ya pili baada ya sigara. Na Iowa ndiko kwenyewe: kaunti zote 99 za jimbo hili ziko kwenye kundi la hatari kubwa kabisa, kwa sababu barafu kuu za kale zilisaga mawe yenye urani zikayatandaza hapa kuwa udongo huu mzuri wa mahindi.

Dada akauliza, "Kama hainuki, waliijuaje?" Nikamsimulia habari ya Stanley Watras wa Pennsylvania. Mwaka 1984 alikuwa mhandisi kwenye kituo cha nyuklia cha Limerick kilichokuwa bado kinajengwa. Kengele za mnururisho zikawa zinamlilia, naye hajagusa kitu cha mionzi kazini. Walipofuata chanzo, wakakikuta nyumbani kwake: karibu pikokyuri 2,700 kwa lita ya hewa (pikokyuri ni kipimo cha mnururisho). EPA inasema ukifika 4, chukua hatua. Familia yake ilikuwa inalala humo.

Shemeji naye akakumbuka Shinkolobwe, kule Katanga, ambako babu zetu walichimba mawe ya urani kwa ajili ya wengine. Alidhani urani ni kitu cha migodini tu. Akanyamaza muda mrefu akitazama udongo wa kiwanja chake.

Jambo moja wenzangu walijue. Sura ya mafuriko iko ndani ya kanuni za ujenzi za nyumba zenyewe, lakini ya radoni iko kwenye kiambatisho, na kiambatisho hakina nguvu mpaka jimbo au mji ukipitishe. Msisubiri kulazimishwa. Bomba la kutoa gesi na nailoni ya kuizuia, vikiwekwa wakati wa kujenga, ni gharama ndogo. Kuvunja sakafu ya mtu baadaye ni gharama nyingine kabisa.

Jumamosi, 12 Aprili

Msingi umechimbwa inchi 42 kwenda chini, ili baridi ya Januari isiunyanyue. Zege limemwagwa. Hali ya hewa nzuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Kosa letu la kwanza, na ni langu, kwa sababu sikueleza vizuri.

Mpwa wangu alipiga hesabu: sakafu kwenye futi 3 na inchi 4, toa unene wa boriti na mbao za sakafu, inabaki nafasi ya inchi 27 hivi ya kutambaa. Akaona ni ndogo. Wiki nzima, jioni baada ya kazi yake, akachimba ndani ya kuta akashusha udongo inchi 8, pande zote, kwa moyo wa kusaidia. Alinionyesha akitabasamu, "Mjomba, sasa utaingia umekaa." Nami nikamsifu.

Mkaguzi wa mji alipofika aliweka rula, akatazama nje, akatazama ndani, akatuita. Udongo wa ndani ukiwa chini kuliko wa nje pande zote nne, kwa macho ya kanuni huo si uvungu tena. Ni besimenti, na iko chini ya kimo cha mafuriko. Tungemaliza hivyo tungekosa kibali cha kuhamia, na bima ya mafuriko ingepanda kwa miaka yote ya maisha ya nyumba. Alituonyesha kifungu chenyewe kwa upole na kutuambia turudishe.

Usiku nilikaa na karatasi. Ile inchi 8 lazima ijazwe, lakini si lazima ijazwe kwa udongo. Kwa nyumba yenye jamvi, yaani sakafu ya zege iliyolala juu ya ardhi, kiambatisho cha radoni kinataka chini ya zege kuwe na inchi 4 za kokoto safi, zinazopita kwenye chekeche la inchi 2 na kubaki kwenye la robo inchi, ili gesi itembee kwa urahisi hadi kwenye bomba. Kwa uvungu hakilazimishi hivyo. Lakini kama tuna shimo la inchi 8 linalodai kujazwa, basi tulijaze kokoto, na kosa la mpwa wangu litakuwa njia ya gesi.

Na hesabu ya pili ikaja yenyewe. Kwa maeneo ya kundi A, kama AE yetu, kanuni inapima kimo kwenye uso wa sakafu, si chini ya boriti. Kwa mchoro wetu wa kwanza wa nyumba, tumbo la boriti lingekuwa inchi 27 juu ya udongo na maji ya ramani yanafika inchi 28. Yaani nyumba imetimiza sheria na mbao zake zimelowa. Sikuweza kumjengea dada yangu hivyo. Tumekubaliana kuongeza kozi mbili za bloku, inchi 16. Sakafu itakuwa futi 4 na inchi 8, boriti zitakaa kavu, bima itapungua, na mpwa wangu atapata nafasi yake ya kutambaa bila kuchimba.

Jumamosi, 10 Mei

Kuta za bloku zimefika juu. Leo ni siku ya matundu ya mafuriko, na wengi wanashangaa: kwa nini utoboe ukuta mahali unapoogopa maji?

Ukuta mzima unaozuia maji ni ukuta unaosukumwa. Futi moja ya ujazo ya maji ina uzito wa paundi 62.4. Maji yakisimama futi 3 nje na ndani pakavu, kila futi ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa paundi 280 hivi. Ukuta wetu mrefu una futi 40, kwa hiyo ni zaidi ya tani 5 upande mmoja. Bloku haziwezi kuhimili hilo. Kwa hiyo kanuni inasema, acha maji yaingie na yatoke yenyewe, pasipo mtu wala pampu, kimo cha ndani kilingane na cha nje. Kila chumba cha chini kiwe na matundu yasiyopungua mawili, kwenye pande tofauti, na ukingo wa chini wa kila tundu usizidi futi 1 juu ya udongo, wa ndani au wa nje, ule ulio juu zaidi. Eneo la matundu ni inchi 1 ya mraba kwa kila futi 1 ya mraba ya uvungu.

Uvungu wetu ni futi 26 kwa 40, yaani futi 1,040 za mraba. Matundu ya kawaida ya wavu tuliyoyakuta dukani yanaacha nafasi wazi ya inchi 60 za mraba tu kila moja ukishatoa vyuma vyake, kwa hiyo tungehitaji 18. Tumenunua yale yaliyothibitishwa kihandisi, yanayojifungua maji yanapoyasukuma. Kila moja linahudumia futi 200 za mraba, kwa hiyo sita yanatosha. Ni ghali zaidi, lakini Januari ya Iowa inaingia mpaka kwenye mifupa, na sitaki upepo upite chini ya mabomba ya dada usiku kucha.

Mchana tulimwaga kokoto. Watu tisa wa kanisani walikuja na mikokoteni, wakina mama wakapika maharage na ugali pembeni ya barabara. Katikati ya kokoto tumelaza bomba lenye matobo, futi 20, limeungwa na kiungo cha T kinachotazama juu.

Jumamosi, 24 Mei

Sakafu imewekwa. Hatukupandisha ukuta hata mmoja kabla mpima ardhi hajarudi na kuandika kimo cha sakafu kwa mkono wake. Kanuni inataka hati hiyo ipelekwe mjini sakafu ikishakaa na kabla ya kuendelea kwenda juu, na ni jambo la busara: sakafu ikiwa chini kwa inchi 2, leo unaweza kurekebisha. Ukishaweka kenchi huwezi. Tumepata futi 4 na inchi 8 na robo.

Jumamosi, 21 Juni

Bomba la radoni limepanda: PVC ya inchi 3, kutoka kwenye T ya uvunguni, kupitia kabati la korido, juu ya dari, hadi nje ya paa. Limetokeza inchi 12 juu ya bati, na liko zaidi ya futi 10 kutoka dirisha lolote, gesi isirudi ndani kwa mlango mwingine. Sehemu zote za bomba zilizolala tumezipa mteremko kuelekea chini ili unyevu unaogeuka maji ndani yake wakati wa baridi urudi ardhini. Tumelipitisha ndani ya nyumba, si nje ukutani, kwa sababu bomba lenye joto huvuta lenyewe kama bomba la moshi la jiko.

Fundi bomba aliyekuja Alhamisi alilikuta limesimama kabatini, akadhani ni la choo, akaanza kuliunganisha na pumulio la bafu. Nilimwahi gundi ikiwa bado mbichi. Ndiyo maana kanuni inataka bomba hili libandikwe jina kila ghorofa. Sisi tulikuwa tumeahirisha kubandika. Sasa limebandikwa sehemu tatu, kwa Kiingereza kwa ajili ya mafundi na kwa Kiswahili kwa ajili ya wenye nyumba.

Fundi umeme ameacha boksi lenye umeme juu ya dari, kando ya bomba, kwa ajili ya feni ikihitajika. Hapa kanuni mbili zimekubaliana bila sisi kuhangaika: ya radoni haitaki feni uvunguni wala ndani ya nyumba, kwa sababu ikivuja itapuliza gesi kwa watu, na ya mafuriko haitaki kifaa cha umeme chini ya kimo cha maji. Mtambo wa joto nao na tangi la maji ya moto viko kabatini ghorofa ya kuishi, na njia za hewa ya joto zinapita juu ya dari.

Jumamosi, 16 Agosti

Julai yote ilikuwa paa, madirisha na jasho. Leo nimelala kifudifudi uvunguni tangu asubuhi, na hapa ndipo penye kiini cha kazi hii yote.

Kanuni ya radoni inasema: funika udongo wote kwa nailoni isiyopungua unene wa mil 6 (mil 1 ni sehemu moja ya elfu ya inchi), ipishane inchi 12 kwenye maungio, ziba kila mwanya. Kanuni ya mafuriko inasema: acha maji yaingie. Mmoja anataka pafungwe, mwingine anataka pawe wazi, na wote wawili wanazungumzia chumba kimoja ambamo siwezi hata kusimama. Nimesoma sura zote mbili mara nyingi na kila moja ni ya kweli kwa upande wake. Pale zinapokutana anabaki fundi.

Nimefanya hivi. Tumetumia nailoni nene ya mil 10, kwa sababu watu watatambaa juu yake. Tumeipandisha ukutani inchi 6 tu, ili isifike kwenye matundu ambayo yanaanza inchi 10. Kingo zake sikuzitegemea gundi peke yake: nimezibana kwa fito za mbao zilizotiwa dawa na skrubu zisizoshika kutu, juu ya mstari wa silikoni. Maungio yana utepe maalumu. Juu yake tumelaza mawe bapa ya bustani kila futi 4, ili maji yakiingia yasiinyanyue ikaelea kama shuka. Kwenye pembe ya chini kuna shimo la pampu lenye kifuniko kinachobanwa kwa bolti na mpira, gesi isitoke, na baada ya mafuriko kifunguliwe maji yaliyobaki chini ya matundu yapate kunyonywa.

Maji yakifika humu, nailoni hii itachafuka, na tope linaweza kuingia kwenye bomba lenye matobo. Hilo siwezi kulizuia. Ninachoweza ni kujenga kitu kinachofunguka bila kuvunjwa: skrubu zinatoka, nailoni inakunjwa, kokoto zinaoshwa, bomba linasafishwa kupitia mdomo wenye kizibo niliouacha upande wa kaskazini, kisha nailoni mpya inalazwa. Kazi ya siku mbili kwa watu wanne.

Chini ya sakafu hatukuweka sufi ya kioo, ile ikilowa inashika maji na kuozesha mbao. Tumepuliza povu gumu lisilonyonya maji.

Jumamosi, 6 Septemba

Mkaguzi amepima matundu, moja la upande wa mashariki liko inchi 15 kutoka kwenye udongo. Tulipoweka bloku lilikuwa inchi 10, lakini trekta iliyosawazisha kiwanja ilikwangua sana upande ule, na huko ndani kokoto zimekaa chini kuliko tulivyodhani. Tumerudisha udongo, tumeushindilia, tumeupa mteremko wa inchi 6 kwa futi 10 kwenda mbali na nyumba. Sasa ni inchi 11. Kipimo kinachohesabika ni cha udongo wa mwisho, nyasi zikiwa tayari kupandwa. Mlioanza kujenga, lipimeni hilo mapema kuliko sisi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mpima ardhi amekamilisha hati ya mwisho ya kimo. Mji umetoa ruhusa ya kuhamia. Dada amelia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kabla ya vitanda tumepima radoni. Madirisha na milango ilifungwa kwa muda wa saa 12 kabla, kisha kopo la mkaa likawekwa sebuleni, mbali na ukuta wa nje, kwa saa 48, likapelekwa maabara.

Jumamosi, 11 Oktoba

Majibu: pikokyuri 5.2, juu ya ile 4 ya EPA. Bomba peke yake, bila feni, halikutosha. Shemeji aliudhika, akauliza kama kazi yote ya uvunguni imepotea. Nikamwambia hapana: nyumba yenye joto inavuta hewa ya ardhini kama mrija, na huku baridi imeshaanza. Bomba limepunguza, feni itamalizia, na ndiyo maana tuliacha umeme juu ya dari. Nimeifunga asubuhi hii kwa saa mbili. Kwenye bomba la kabatini nimeweka kipimo cha mrija wenye maji ya rangi. Pande zake zikiwa sawa, feni imekufa. Sasa hivi upande mmoja umepanda, na mtoto wa mwisho wa dada amepewa kazi ya kuuangalia kila jioni.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kipimo cha pili: 1.1.

Jioni tulikaa ngazini, ngazi nane, tukila samaki. Dada aliuliza maji ya 2008 yangefika wapi hapa. Tarehe 13 Juni mwaka ule Mto Cedar ulifika futi 31.12, wakati rekodi ya zamani ilikuwa futi 20. Asilimia 14 ya mji ilizama, na nyumba zaidi ya elfu moja zikaja kununuliwa na kubomolewa. Maji yale yalipita ramani hii tuliyoitumia, na nilimwambia wazi: yakirudi vile, hata sakafu hii inaweza kulowa. Mnaondoka mapema, mnachukua hati, dawa na watoto, nyumba tutaifungua na kuiosha.

Nimepandisha juu ya dari roli moja la nailoni ya mil 10, tepu nne, boksi la skrubu na mpira wa akiba wa kifuniko cha pampu. Karatasi ya maelezo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, kando ya bomba, kwa Kiswahili, hatua kwa hatua kuanzia kuzima umeme. Mpwa wangu ndiye aliyeiandika kwa herufi kubwa, na hatua ya mwisho ameandika: pima radoni tena.